Aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi aruhusiwe kujaza grini kadi kabla hajamaliza deni?

Ngalawa ya Mzee
Wakuu, mwaka huu wa 2023 dirisha la bahati nasibu ya viza ya Marekani, ndiyo hiyo grini kadi, lilifunguliwa tarehe 4 Oktoba, linafungwa 7 Novemba. Stesheneri za mtaani kwangu zimejaa kuliko siku ya matokeo ya kidato cha nne. Jana nilikwenda kutoa kopi ya hati ya kiwanja, nikakuta vijana tisa wanapigwa picha, shuka jeupe limepigiliwa ukutani kwa misumari. Mmoja ni daktari wa hospitali ya wilaya, namjua kwao. Miaka mitano ya chuo kalipiwa na Bodi ya Mikopo.

Swali langu: ni haki mtu aliyesomeshwa kwa kodi zetu aondoke na mke na watoto kabla hajarejesha? Bodi iweke dawati pale uwanja wa ndege. Una deni, hupandi. Sisemi wasiende, nasema walipe. Na inauma zaidi ukijua wakifika kule wanaishia kubeba maboksi tu.

Tujadili bila matusi.

Fundi Saa
Mimi kadi ya kijani ninayo tangu 1995. Ya chama. Haijanifikisha hata Kibaha.

Kitasa
Mtoa mada umenena. Daktari mmoja akiondoka, kijiji kizima kinarudi kwa mganga. Halafu Mmarekani hakutoa hata senti moja kumsomesha. Hiyo ni biashara gani, wewe unalea kuku, jirani anaokota mayai?

Baridi Minnesota
"Kubeba maboksi tu." Nimesoma yote nikakwama kwenye hilo "tu".

Nimebeba maboksi miaka mitatu, zamu ya usiku, ghalani. Nje nyuzi 25 chini ya sifuri, ndani shati limelowa jasho. Maboksi hayo yameezeka nyumba ya mama yangu Mkuranga na yamesomesha wadogo zangu wawili. Bodi ilimnyima mmoja wao mkopo kwa sababu eti baba ana duka. Duka lenyewe meza ya nyanya. Kwa hiyo ukitaja kodi zenu, taja na zangu.

Ngalawa ya Mzee
Kaka punguza jazba. Sikukulenga wewe.

Baridi Minnesota
Mimi ni dada. Na jazba sipunguzi.

Kitasa
Ukweli unauma. Mwalimu wangu wa fizikia alibahatika mwaka 2012. Kichwa kile! Sasa hivi anaosha vizee. Picha anazotuma ni za gari na theluji, ya kazini hajawahi kutuma hata moja.

Mama Wawili
Kitasa, bibi yako huko kijijini anaogeshwa na nani? Na huyo binti anayemwogesha mnamlipa shilingi ngapi? Mwalimu wako analipwa kwa saa na ana siku ya kupumzika. Wa kwenu analala jikoni. Kazi ni ileile, ila ya kwenu mnaiita msaada.

Kitasa
Usimtaje bibi yangu.

Mama Wawili
Wewe umemtaja mwalimu wako. Au wazee wa Kizungu tu ndio hawana heshima?

Chumvi Kidogo
Jamani, turudi kwenye deni. Sheria ipo tayari. Aliyeajiriwa anakatwa 10% ya mshahara, na juu yake kuna ile 6% ya kutunza thamani ya mkopo, ndiyo maana deni halipungui. Mtu akiona hivyo kwa nini asikimbie?

Fundi Saa
Ni 15%, si 10. Ilipandishwa 2016, mwanzoni ilikuwa 8. Na ile 6% ilifutwa 2021, Mama alitangaza Mei Mosi. Chumvi, wewe ulikopa kweli au unasimuliwa?

Chumvi Kidogo
Nilikopa. Sijawahi kukatwa, kwa sababu sijawahi kuajiriwa. Nimemaliza 2017. Hiyo 15% itolewe kwenye mshahara upi? Huyo daktari wa mtoa mada angalau ana cha kukatwa. Sisi wengine mnatuzuia uwanja wa ndege kwa deni ambalo tukibaki hapa hatutalilipa kamwe. Nikifika Minnesota hata hayo maboksi yatalipa Bodi.

Mkamba wa Athi
Salamu kutoka ng'ambo ya pili ya mpaka. Huku kwetu Kenya HELB, bodi yetu ya mikopo, wananitafuta tangu 2014 na bado sijaenda majuu, niko tu Athi River. Nyinyi Wabongo mna upole wa ajabu, mnafikiri mtu akizuiwa airport ndio atalipa. Atapitia Namanga aje kupanda ndege JKIA.

Halafu shida yenu kubwa si mkopo. Ni uraia. Sisi katiba ya 2010 ilituruhusu uraia wa nchi mbili, mtu anaenda, anaapa, anarudi kununua shamba. Nyinyi mtu wenu akiapa mmempoteza.

Kitasa
Ndicho nilichotaka kusema. Hawa wakishika tu grini kadi wameukana utanzania. Halafu wanakuja Desemba kutufundisha siasa.

Baridi Minnesota
Kitasa, nchi gani hiyo unayoizungumzia? Grini kadi si uraia, ni ukaazi wa kudumu. Pasipoti yangu ni ya Tanzania, ya buluu, ina nembo ya mwenge. Uraia unaomba baadaye, kwa kawaida baada ya miaka mitano, na hulazimishwi. Nina miaka 11 huku sijaapa. Unajua kwa nini? Kile kiwanja cha Mkuranga. Siku nikiapa, mimi ni mgeni mbele ya Sheria ya Ardhi ya 1999, na hadi mwaka huu wa 2023 mgeni hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Kwa hiyo kila nikisafiri nasimama foleni ya wageni kote kuwili, huku kwa kadi, huko kwa lafudhi.

Fundi Saa
Si wanasema kuna hadhi maalumu inakuja kwa diaspora?

Baridi Minnesota
Hadi leo, 2023, tunaahidiwa tu. Nimeahidiwa na mawaziri wa awamu tatu sasa.

Kitasa
Uraia pacha ni kuoa wake wawili na kumwambia kila mmoja yeye ndiye wa pekee. Vita ikitokea utapigana upande gani?

Mkamba wa Athi
Vita kati ya Tanzania na Marekani? Bwana, hiyo itaisha kabla ya kesi yangu ya HELB.

Mama Wawili
Na wenye wake wawili Dodoma wapo wengi, hakuna aliyenyang'anywa kiwanja.

Ngalawa ya Mzee
Wakuu, uzi unahusu mikopo. Uraia pacha uanzishiwe wake.

AF2020
Naomba niseme moja, huwa sichangii. Kitasa unazungumza kama vile mtu akijaza ameshaondoka. Mimi nilichaguliwa kwa mwaka wa 2020. Nimelipia vipimo, chanjo, cheti cha polisi cha tabia njema, pasipoti za watu wanne. Ada ya usaili peke yake dola 330 kwa kila kichwa. Niliuza bodaboda mbili.

Tarehe 31 Januari 2020 Trump akasaini katazo. Nigeria, Eritrea, Myanmar na Kirgizistani wakafungiwa viza za ukaazi. Sisi na Sudani tukafungiwa hii ya bahati nasibu peke yake. Nchi mbili dunia nzima, na moja ni yetu! Biden alifuta siku aliyoapishwa, Januari 2021. Lakini mshindi wa mwaka wa 2020 mwisho wake ni 30 Septemba 2020, saa sita usiku ikigonga namba yako ni karatasi. Hakuna rufaa, hakuna "njoo mwakani". Mwakani unaanza na wenzako foleni moja.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaaga kazini, nimeagwa na kanisa, nimepewa hata saa ya ukutani. Nikarudi na saa yangu.

Chumvi Kidogo
Pole sana mkuu. Hiyo ya saa imenigusa.

Kitasa
Pole. Ila hapo utaona hawatutaki, sisi ndio tunajipendekeza.

AF2020
Sikwenda kuposa, Kitasa. Nilikwenda kutafuta kazi.

Mama Wawili
Tukiongelea kuibiwa tusianze na Bodi, tuanze na stesheneri. Mwaka huu wa 2023 kujaza ni bure kwenye tovuti ya Wamarekani, stesheneri wanatoza elfu kumi na tano. Hilo sina neno, ni jasho lao. Mwaka juzi kijana alinijazia, akaweka barua pepe yake badala ya yangu, namba ya uthibitisho akabaki nayo. Mwezi wa tano akanipigia: mama, umechaguliwa, leta milioni mbili nikupe namba. Nilimwambia kaa nayo, ikupeleke wewe.

Fundi Saa
Ulifanya hivyo kweli?

Mama Wawili
Nililia wiki nzima. Lakini ndiyo. Hata leo sijui kama alisema kweli au alinitega tu, maana bila ile namba huwezi kuangalia chochote.

Chumvi Kidogo
Watu wasikie hili: Wamarekani hawakutumii barua pepe ya "umeshinda". Unajiangalia mwenyewe kwa namba yako, kuanzia Mei. Anayekuandikia kwamba umeshinda tuma pesa ni mwizi, hata akiweka nembo ya tai wa Marekani kwenye barua. Na hata kuchaguliwa si kupata. Viza ni kama 50,000 kwa mwaka, wanaochaguliwa pamoja na familia zao wanapita laki moja. Namba yako ya foleni ikiwa kubwa unaweza kukaa hadi Septemba usiitwe.

Kitasa
Basi ni kamari. Na kamari ni haramu. Mtoa mada badilisha kichwa cha uzi.

Mkamba wa Athi
Kamari gani hiyo ya bure? Wewe hujawahi kubashiri mechi za Jumamosi?

Kitasa
Hiyo ni burudani.

Fundi Saa
Nimepitia maandishi ya zamani ya mtoa mada, usiku mrefu na umeme umekatika, kimezima kila kitu isipokuwa simu. Oktoba 2021, Ngalawa ya Mzee aliandika, nanukuu: "Wakuu picha yangu inakataa, inasema lazima iwe pikseli 600 kwa 600, napunguzaje kwa simu? Na miwani nivue au nibaki nayo?"

Baridi Minnesota
😂😂😂 Miwani unavua, kaka. Tangu 2016.

Ngalawa ya Mzee
Ilikuwa kwa ajili ya mdogo wangu.

Fundi Saa
"Picha yangu."

Ngalawa ya Mzee
Nilikuwa namwandikia yeye, kwa niaba. Na hilo haliondoi hoja. Mtu anaweza kujaza na bado akaamini deni lilipwe.

Baridi Minnesota
Na huyo mdogo wako alikopa Bodi?

Ngalawa ya Mzee
Hakuchaguliwa, kwa hiyo swali halina maana.

Mama Wawili
Kwa hiyo dawati la uwanja wa ndege limekuja baada ya kukosa. Angepata, leo tungekuwa tunasomewa uzi wa "diaspora na maendeleo".

Ngalawa ya Mzee
Mnanishambulia mimi badala ya hoja. Na yule daktari je? Hakuna hata mmoja aliyemjibu.

AF2020
Yule daktari amejaza fomu tu, mkuu. Kesho asubuhi yuko wodini, na kesho kutwa. Ukikutana naye mwambie asiuze pikipiki mapema.

Mpita Njia Singida
Habari za usiku wakuu. Samahani kwa kuingilia. Mimi na mke wangu, kila mmoja anaweza kujaza yake au tunajaza moja?

Chumvi Kidogo
Kila mmoja yake, mnaongeza nafasi. Ila kila fomu imtaje mwenzake na watoto wote walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, hata kama mtoto hatasafiri. Ukimficha mmoja, kwenye usaili mnaanguka wote. Na usijaze yako mara mbili, wanakufuta.

Mpita Njia Singida
Asante sana. Na kama mke bado anadaiwa na Bodi?

Fundi Saa
Soma uzi kuanzia juu.

Mpita Njia Singida
Nimesoma wote. Nimeona maboksi.