Kikundi cha Majirani, Mamboleo, Kisumu: Ukumbi Ufunguliwe, Nguo Zibaki Kabatini

Mwenyekiti: Majirani wapendwa, hamjambo. Mchungaji amenipigia simu sasa hivi kunieleza kwamba maji ya Mto Nyando yameingia katika boma za tambarare ya Kano usiku wa kuamkia leo, na baraza la kanisa limekubali ukumbi wetu ufunguliwe kwa familia zitakazoletwa kabla ya giza. Naomba kila nyumba itoe nguo ambazo haizihitaji, tuzikusanye pale getini.

Mama wa Nyumba ya 14: Tumepokea, Mwenyekiti. Lakini hapa kwetu hapajanyesha tangu Jumapili, maji hayo yametoka wapi?

Mwalimu Mstaafu: Mama, Nyando huteremka kutoka milima ya Nandi, kwa hiyo mvua ya huko ndiyo huwafurikisha watu wa Ahero, huko huko Kano, hata jua likiwaka kwao. Udongo mweusi wa Kano nao ukishashiba hauyanywi maji tena.

Katibu wa Huduma: Mwenyekiti, kwa heshima zote, naomba ombi la nguo liondolewe kabla watu hawajaanza kufungua makabati. Mwaka 2020, Ziwa Victoria na mito ilipofurika, nilihudumu katika kanisa jingine ambalo sitalitaja, na marobota yalijaa mpaka tukakosa pa kuwalaza watu. Nakumbuka nikitoa ndani ya gunia moja koti la harusi lenye shanga mabegani, na chini yake kiatu kimoja cha kisigino kirefu, ambacho mwenzake hatukumwona mpaka leo. Watu sita walishinda siku mbili wakichambua nguo ilhali watoto walikuwa wakinywa maji ya mtaro. Krismasi ilipofika, panya walikuwa wamezalia ndani ya masweta.

Mwenyekiti: Nakuelewa, Katibu, ila watu hawa watafika wamelowa chapachapa. Tuwaambie nini?

Katibu wa Huduma: Tuwape blanketi kavu na leso za kujifunga, kila nyumba moja moja, safi, na hapo tusimame. Kazi kubwa iko kwenye maji. Ukumbi wetu una urefu wa mita 20 na upana wa mita 12. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hufuata duniani kote, vinataka kila mtu apate angalau mita 3.5 za mraba za kulala, maana yake hapo ndani wanaenea watu 68, wala tusijidanganye kwamba wataenea 150 kwa sababu siku ya harusi huenea 300 wakiwa wameketi. Viwango hivyo hivyo vinasema lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Kwa watu 68 hiyo ni mitungi 51 ya lita 20 kila siku inayopambazuka, na tanki la kanisa lina ufa.

Kijana wa Mkokoteni: Mitungi 51 naiweza nikipata wenzangu wawili na mtu wa kutulipia maji kule kioski. Kazi yetu sisi tutaitoa bure.

Dada Muuguzi: Asante sana, kaka. Maji hayo yasinywewe kabla ya kutiwa dawa na kusubiri nusu saa. Nitakuja na dawa yenyewe, na nitabandika ukutani kipimo cha maji ya chumvi na sukari kwa atakayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vyoo vyetu viwili vinatosha kwa siku za mwanzo tu, kwa sababu kipimo ni choo kimoja kwa watu 20 wakikaa muda mrefu, na hawa watakaa.

Mama Kwaya: Sisi akina mama tutatoa zile sufuria kubwa za matanga, hema na viti. Tumepikia misiba mingi, hatutashindwa na watu 68. Unga, omena na sukuma wiki vitatosha kwa leo. Nilikuwa nashauri tuanze kwa nyimbo na neno fupi kabla ya kugawa chakula, kwa sababu mtu aliyepoteza nyumba moyo wake huwa laini.

Mwalimu Mstaafu: Hapo ndipo ningeomba tusitangulize neno, Mama. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika makubwa ya misaada waliandika kanuni za maadili, na miongoni mwa waliozidhamini walikuwa Caritas, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Duniani. Kanuni hizo zinakataza msaada kutumiwa kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini, na makanisa yalizikubali yenyewe, hayakulazimishwa. Mwenye njaa akisubiri sahani mpaka ubeti wa nne uishe, ataimba, lakini atakuwa anauimbia ugali.

Mama Kwaya: Umenichoma, Mwalimu, lakini ni kweli. Basi ibada iwe saa yake ya kawaida, anayetaka aje.

Mwenye Duka: Nami ambaye si wa kanisa lenu natoa pakiti 18 za unga za kilo mbili. Ombi langu ni moja, kila kinachoingia kiandikwe kitabuni na kitabu kikae wazi mezani.

Mama wa Nyumba ya 9: Sikutaka kusema, lakini nitasema. Mwaka 2020 mimi nilikuwa miongoni mwa waliolala ukumbini, wiki saba. Mahali pa kuanika nguo za ndani bila wanaume kupita hapakuwapo, kwa hiyo tulizivaa mbichi. Taulo za hedhi hakuna aliyezikumbuka mpaka wiki ya tatu. Tuliporudi nyumbani tulikuta mabati yamesimama juu ya nguzo na kuta za udongo zimeyeyuka zote, tope limefika dirishani, na kipindi hicho hapakuwa tena na gari la msaada hata moja. Jembe, koleo na mbegu za mtama ndivyo nilivyovihitaji, na nilivinunua kwa deni.

Katibu wa Huduma: Pole, Mama, na asante. Napendekeza nusu ya pesa tutakazochanga isiguswe sasa, ingoje siku ya kurudi kwao, na wewe ndiwe uwe mshika funguo wa fungu hilo pamoja na Mweka Hazina.

Mwenyekiti: Imekubaliwa. Nguo nimefuta. Taulo za hedhi, kamba na pazia la kuanikia viletwe kwa Mama wa Nyumba ya 9 kabla ya saa kumi na mbili.

Kijana wa Mkokoteni: Niko getini. Lori la kwanza limefika na familia tano, lakini kuna mzee amekataa kushuka. Anasema hashuki bila mbuzi wake, na mbuzi ni wanne, wamo humo humo ndani.

Mwenyekiti: Mwambie mbuzi wana nafasi nyuma ya chumba cha kwaya. Nani ana kamba ya ziada?

Mama Kwaya: Ninayo. Natoka nayo sasa hivi, ila mtu aondoe majoho yetu dirishani kwanza.