Yule bwana wa kijiweni leo amenivunjia heshima mbele ya muuza kahawa

Wakuu, nimetoka sasa hivi kijiweni Kariakoo na mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua nyote, sina haja ya kumtaja. Mbele ya watu wazima ameniambia: "Wewe hata Namanga hujafika, unatufundisha Mexico?" Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Kigamboni.

Alikuwa amedai kwamba Marekani ilijenga ukuta ili kuviua viwanda vya Mexico. Nikamweleza kwa adabu kwamba viwanda vile vya mpakani, ambavyo wenyewe huviita maquiladora, vilianza mwaka 1965, huingiza vipuri bila ushuru, huviunganisha na kuvirudisha ng'ambo, na kwamba mwaka 1994, mkataba wa NAFTA, ule wa biashara huria kati ya Marekani, Mexico na Kanada, ulipoanza kuzifungulia bidhaa njia, ndio mwaka uleule Marekani ilipokaza doria ya mpakani upande wa San Diego. Nyaya za magari zilizofungwa Ciudad Juárez, Mexico, huvuka daraja hadi El Paso, Marekani, ilhali binti aliyezifunga hana ruhusa ya kuzifuata. Hapo ndipo aliponikata. Hata Namanga hujafika! Muuza kahawa alicheka hadi akamwaga sinia zima la kashata. Kashata, wakuu!

Mzee wa Temeke: Pole sana, mkuu, lakini hujatujibu. Namanga umefika?

Mleta uzi: Namanga haihusiani na hoja yangu. Hakuna kati yetu aliyefika mwezini, na bado tunafunga na kufungua kwa kuandama kwake.

Mzee wa Temeke: Basi hajafika.

Dereva wa Masafa: Mnagombania Juárez wakati mimi nina usiku wa nne Tunduma, nyuma ya foleni ya malori ambayo mwanzo wake sijauona. Hapa hakuna ukuta hata wa matofali mawili, na mzigo bado hauvuki.

Mama Vitenge: Usiku wa nne ni neema, mwanangu. Mzigo wangu ulikaa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, hadi wateja wa Lubumbashi wakanunua kwa mwingine.

Mleta uzi: Ndugu zangu, amenitamkia maneno hayo mbele ya muuza kahawa!

Mzee wa Temeke: Dereva, maji ya kuoga mnapata wapi hapo?

Dereva wa Masafa: Tunanunua kwa ndoo, mzee. Subirini kidogo, foleni imesogea malori mawili.