Miezi 40 ofisi imekalia nafuu yangu ya bima, halafu naambiwa "hukuuliza"

Wadau, stakabadhi ya mshahara wa Julai 2025 imetoka na safu ya nafuu ya bima bado inasoma sifuri. Nimechoka kunyamaza.

Mimi nina bima ya maisha tangu Machi 2022, nalipa 8,000 kila mwezi. Sheria ya hapa Kenya inasema asilimia 15 ya unacholipa inapunguzwa kwenye kodi yako, mradi isizidi 5,000 kwa mwezi. Yangu ni 1,200. Cheti cha bima nilikipeleka mwenyewe kwa mhasibu wa mishahara, akakipiga muhuri, akakitia kwenye faili. Basi. Faili ikala cheti.

Mimi nikadhani mambo yako sawa kwa sababu kila mwezi naona "nafuu 2,400". Kumbe hiyo ni ile ya kila mwenye mshahara, inakuja hata ukilala. Ya bima ni nyingine kabisa, na ina safu yake kwenye P9, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi yako ya mwaka. Miaka yote hiyo nimekuwa nikijaza ritani ya kodi kwa kubonyeza tu yale yaliyojazwa tayari kwenye iTax, mtandao wa mamlaka ya kodi, niwahi 30 Juni nisije nikapigwa faini ya 2,000. Mwaka huu mpwa wangu akaniketisha, akaingiza namba ya bima kwenye jedwali la bima la ritani. Mara ya kwanza maishani nikaona alama ya kutoa mbele ya kodi yangu, yaani mimi ndiye ninayedai: -14,400. Hiyo ni ya 2024 peke yake! Hesabu tangu Machi 2022 hadi Juni mwaka huu: 48,000.

Nikaenda ofisini. Kijana wa pale ananiambia, "Mama, kwani elfu moja na mia mbili ni pesa ya kukugombanisha na ofisi?" Elfu moja na mia mbili inakaribia mtungi wa gesi wa kilo 6, kila mwezi. Ningekuibia wewe gesi miezi 40 ungeniita nani?

Halafu akasema sikuuliza, na kudai nafuu hiyo ni kazi yangu kwenye ritani. Haya, zamani ungeweza kujitetea hivyo. Lakini Sheria ya Fedha ya 2025 imemlazimu mwajiri kuweka nafuu na makato yote unayostahili kabla ya kupiga hesabu ya PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, kuanzia 1 Julai 2025. Ndiyo maana nilisubiri stakabadhi hii kwa hamu.

Na si bima tu. Kiwango cha mchango wa pensheni wa kila mwezi kisichotozwa kodi kilipanda kutoka 20,000 hadi 30,000 mwishoni mwa Desemba 2024. Michango yangu, ya NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) ikiwemo, ni 25,000. Programu ya mishahara ya ofisi bado inakomea 20,000, kwa hiyo 5,000 inatozwa asilimia 30. Hapo 1,500 nyingine inaenda. (Msichanganye: pensheni inapunguza mshahara unaotozwa, bima inapunguza kodi yenyewe. Mchango wa 1,000 wa pensheni hauokoi 1,000.)

Kabla hamjakimbilia kunicheka, fungueni P9 zenu. Wenye bima ya elimu pia mnahusika, ila iwe ya miaka kumi au zaidi. Na mliobadilisha kazi katikati ya mwaka, angalieni waajiri wawili wasiwe wamewapa ile 2,400 kwa mwezi mmoja. Mwenzangu mmoja alishangilia hiyo, Juni akadaiwa kodi.

Sasa msaada. Ya 2024 nimeshaomba kurudishiwa. Ya 2022 na 2023 inabidi nirekebishe ritani, na dirisha ni miaka mitano, kwa hiyo muda upo. Aliyewahi kurekebisha za nyuma: mliambatanisha vyeti vya bima vya kila mwaka, au kimoja kilitosha? Na P9 yenye sifuri, mlimlazimisha mwajiri aitoe upya au mliiambatanisha hivyo hivyo? Nikimwuliza yule kijana najua atakachonijibu.