Hivi nani aliruhusu riwaya za upelelezi zitafsiriwe kuanzia katikati ya mfululizo??

Wakuu leo naomba nitoe ya moyoni maana imenikaa sana. Hizi riwaya za upelelezi za kule Skandinavia, mpelelezi mlevi, ndoa imekufa, na mzee wake hawaelewani, kuna jambo la familia hataki kuliongelea, mimi nazipenda kupita maelezo. Ila waliozitoa kwa Kiingereza, ambacho ndo wengi wetu huku tunazisomea, walitufanyia unyama.

Mchukue mpelelezi Harry Hole wa yule mwandishi wa Norwe, Jo Nesbø. Kinorwe alianza 1997, kitabu cha kwanza yupo Australia. Kiingereza wakaanza na kipi? Cha TANO, The Devil's Star, 2005! Mwaka uliofuata wakarudi cha tatu, 2008 cha nne, na kile cha kwanza kabisa kikaja kutoka 2012, miaka 15 baadaye jamani. Sasa waliosoma wanajua, kwenye cha tatu Harry anauliwa mwenzake wa kazi, Ellen, na ile kesi haiishii pale, inamtafuna cha nne chote, mpaka cha tano ndo inafika mwisho. Yaani umeshapewa jibu, umeshamjua aliyekuwa nyuma ya mauaji yale, halafu ndo unarudishwa nyuma ukamsome Ellen yuko hai anapiga stori na Harry ofisini. Utasikia uchungu gani tena hapo?

Na mpelelezi Wallander wa Mswidi Henning Mankell ni yale yale. Baiba, yule mjane wa Riga kule Latvia, anaingia kitabu cha pili. Kiingereza kikatoka 2001, wakati cha tano kilishatoka 1999, na humo Wallander anapanga kwenda naye likizo, msomaji unabaki huyu mwanamke katokea wapi? Cha nne ndo kibaya zaidi. Kinaanza Wallander yuko likizo ndefu ya ugonjwa, aliua mtu kazini na roho haitulii, anakunywa, anataka kuacha upolisi kabisa. Hicho wakakiweka mpaka 2005! Kufikia hapo cha sita tulishakuwa nacho, na kwenye cha sita mzee wake anafariki. Yule mzee mchoraji, anachora mandhari ile ile miaka nenda rudi, hakumsamehe mwanae kuingia polisi na hakuwahi kumwambia kwa nini. Kimya chao kinajengwa kidogo kidogo kitabu hadi kitabu, we unamzika kwanza halafu ndo unaanza kumfahamu, kweli?

Hadithi za mpelelezi wetu Bwana Msa unaokota yoyote unasoma, kesi inaanza na kuisha humo humo. Hizi siyo hivyo! Maiti ya kitabu hiki ni sababu tu ya kutuonyesha huyu mtu anavyobomoka, ukimvuruga mpangilio umeua kitabu chenyewe.

Wanajitetea eti walianza na kilichokuwa na mvuto zaidi. Mvuto kwa nani?? Basi hata namba tu ya mfululizo wangeandika kwenye jalada, kubwa, mbele, maana huku vitabu tunanunua mtumba, unachokikuta mezani ndo hicho hicho, muuzaji mwenyewe hajui ni cha ngapi.

Na nyie mnaomwambia mgeni "anza popote tu mkuu" acheni kabisa. Harry Hole mpeni cha kwanza, akishindwa kukipata basi cha tatu, cha nne, cha tano, afuate hivyo hivyo. Wallander aanze na cha kwanza cha 1991, kile cha wazee wawili wanaoshambuliwa shambani kwao.