Uniti moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) inanigharimu kiasi gani hasa?

Swali
Ndugu zangu, mwanzoni mwa mwezi nilinunua umeme wa shilingi 10,000 nikapata uniti 23.9, wiki mbili baadaye, kwa fedha ileile, nikapata 28.1. Nipo kundi la kawaida la majumbani, ambalo bei yake ni shilingi 292 kwa uniti. Bei ya kweli ni ipi?

Jibu la 1
Dada, hiyo 292 ni bei ya umeme mtupu. Juu yake huongezwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji) asilimia 1, hivyo uniti hufika shilingi 356.24. Mwanzoni mwa mwezi ulikatwa kwanza shilingi 1,500 za kodi ya jengo, ambayo hukatwa mara moja kwa mwezi kupitia LUKU, ikabaki 8,500, na ndiyo iliyokupa zile uniti 23.9.

Jibu la 2
Naongeza jambo moja, maana wengi hukosea hapa: kodi ya jengo usiihesabu katika bei ya umeme, kwa kuwa ni deni la mwenye nyumba. Kama umepanga, tunza risiti hizo ili mkubaliane namna ya kukurudishia.

Muulizaji
Asanteni sana. Nimefungua ujumbe wa tokeni (namba za kuingiza kwenye mita) ya kwanza na kweli makato hayo yameandikwa chini ya idadi ya uniti, mahali ambapo sikuwahi kusoma. Mimi ni mpangaji, kwa hiyo leo jioni nitazungumza na mama mwenye nyumba.