Naomba ushauri: ngao na upinde kwenye gemu yangu vimenishinda

Fundi_wa_Ngamiani:
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza gemu ya vita vya zamani: panga, ngao, mishale, wanne kwa wanne. Naijaribia kwenye kibanda cha gemu cha jamaa yangu hapa Ngamiani, Tanga. Vijana wa mtaani ndio wakaguzi wangu, na hawana staha hata kidogo.

Mwanzo ngao ilizuia kila kitu kinachotoka mbele. Mtu akishikilia kitufe, basi, ukuta. Wenye upinde wakasusa. Dogo mmoja akaniambia, "Kaka, huu upinde wako ni fimbo ya kuchungia mbuzi." Nikapandisha nguvu ya mshale, ngao ya uhai 200 ikawa inavunjika kwa mishale mitano. Jumamosi wote wanane wakachukua upinde. Wanane! Dakika kumi wanaviziana nyuma ya magunia, hakuna aliyechomoa upanga, mpaka mwenye kibanda akazima akawawekea mpira.

Nikishusha namba narudi kulekule. Nifanyeje?

Podo_Tupu:
Mkuu, kabla ya yote, kila mtu ana mishale mingapi?

Fundi_wa_Ngamiani:
Haiishi.

Podo_Tupu:
Hahaha, halafu unalaumu ngao! Waingereza enzi hizo walifunga mishale mafungu ya 24, na fungu hilo halikai sana kwa mtu anayepiga mfululizo. Soma vita vya Carrhae, mwaka 53 KK. Warumi walijificha nyuma ya ngao wakingoja Waparthi, wapiga upinde wa Uajemi ya kale, waishiwe mishale. Kumbe kuna ngamia nyuma wamebeba mishale ya akiba, na Warumi walipoliona hilo ndipo walipokata tamaa. Weka mishale 12, na mahali pa kuchukulia mingine pawe mbali, mtu apakimbilie. Mwenye ngao awe na kitu cha kungojea.

Mvuta_Kamba:
Mishale 12 michache, mgeni wa gemu ataimaliza kwenye miti. Mimi ningegusa pumzi. Pinde zilizookolewa kwenye Mary Rose, meli ya Uingereza iliyozama 1545, nyingi zinakadiriwa kuhitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta. Hakuna anayevuta mzigo huo akasimama nao akiwaza. Kwako mtu anashikilia muda gani?

Fundi_wa_Ngamiani:
Hata akienda kula chipsi akirudi bado amevuta.

Mvuta_Kamba:
Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Baada ya sekunde mbili mkono utetemeke, shabaha ipotee.

BintiMzigua:
Kaka zangu mmeushughulikia upinde tu, ngao mmeiacha inakula bure. Mount & Blade: Warband, gemu ya 2010, kila ngao ina ukubwa wake, wepesi wake na uhai wake, kwa hiyo kuchagua ni kazi. Ngao kubwa imzibe mtu nusu ya kioo akiinua na imcheleweshe kutembea. Ndogo imwachie macho lakini miguu iwe wazi. Mshale ukinasa ubaki pale, ngao izidi kuwa nzito. Hapo huna haja ya kuivunja kwa mishale mitano.

Babu_Raskazone:
Vijana, kwa nini kila siku Wazungu? Wamasai wana ngao ya ngozi ya nyati, imechorwa vizuri kuliko hizo mbao zenu.

Fundi_wa_Ngamiani:
Shikamoo babu, toleo lijalo. Ni ahadi.

Fundi_wa_Ngamiani (baada ya siku nne):
Mrejesho, wakuu. Mishale 16, mkono unatetemeka, ngao kubwa inaziba kioo. Jana watano walichukua ngao, watatu upinde, na panga zimeanza kulia. Uhai wa ngao sijaugusa tena. Ila kuna dogo kazi yake ni kuzunguka nyuma kukomba mishale ya akiba ya wenzake, hapigi hata mmoja. Nimzuie?

Podo_Tupu:
Mwache. Mpe na kapu.