Mabango ya kumuenzi John Bowlby: tuandike nini, na nani mwingine asisahaulike?

Afisa_Ustawi
Wakuu, chuo chetu cha ustawi wa jamii kinaandaa maonyesho madogo ya kuwaenzi wachanganuzi nafsi (wanaotibu kwa kuchunguza hisia na mawazo yaliyofichika, kwa njia ya Sigmund Freud) waliobadili malezi na matibabu ya watoto. Tumemchagua Mwingereza John Bowlby (1907–1990). Tuna mabango manne, kila moja lisizidi maneno 120. Rasimu iliyopo inamwita "baba wa nadharia ya uambatano", yaani kifungo cha kihisia kati ya mtoto na mlezi wake, na kusema "alithibitisha kwamba mtoto akitenganishwa na mama huwa mhalifu". Hilo la pili linanitia shaka. Tuweke nini badala yake, na nani atajwe pamoja naye?

Mzamivu
Futeni hilo la pili. Linatokana na utafiti wake wa 1944 kuhusu watoto 44 wezi waliopita kliniki moja ya London, aliowalinganisha na watoto 44 wa kliniki hiyohiyo ambao hawakuwa wezi. Kati ya wezi, 14 aliwaona hawana upendo wala kujali mtu. 12 kati ya hao walikuwa wametengana na mama kwa muda mrefu utotoni. Kwa wezi 30 waliobaki waliotengana ni 5, na kwa kundi la kulinganisha ni 2.

Sasa jumlisheni: wezi waliotengana na mama ni 17 kati ya 44. Wengi wao hawakutengana naye kwa muda mrefu! Alichokiona Bowlby ni uhusiano kati ya kutengana na ile hali ya kutojali mtu, si kati ya kutengana na wizi kwa jumla. Tena ni yeye mwenyewe aliyeamua nani aingie kundi la wale 14 huku akijua historia zao, na historia hizo zilitokana na kumbukumbu za familia. Andikeni "aliona uhusiano", msiandike "alithibitisha". Kumpa mtu sifa ambayo takwimu zake haziibebi si kumuenzi.

Wodi_ya_Watoto
Bango la pili mpeni James Robertson. Alifanya kazi na Bowlby kwenye Kliniki ya Tavistock, London, na bila yeye hospitali zisingebadilika upesi vile. Zama hizo hospitali nyingi za Uingereza ziliwabana sana wazazi: kumwona mtoto aliyelazwa ilikuwa saa chache kwa wiki, kwa hoja kwamba akimwona mama atalia na kuvuruga wodi.

Robertson alimpiga filamu Laura, mtoto wa miaka 2 na miezi 5, aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Aliogopa kuambiwa kwamba amechagua vipande vya kilio peke yake, kwa hiyo akapanga nyakati za kupiga tangu mwanzo, na saa ya ukutani inaonekana kwenye picha. Ilipoonyeshwa kwa madaktari mwaka 1952 wengi walikasirika. Mwaka 1959 ripoti ya kamati ya Platt, iliyochunguza hali ya watoto hospitalini, ikaishauri serikali iwaruhusu wazazi kuwatembelea watoto wao bila vizuizi.

Tajeni kwa mpangilio hatua tatu ambazo Robertson aliziona kwa mtoto aliyetenganishwa na mama: kulia na kupinga, kukata tamaa, kisha kujitenga. Hiyo ya tatu ndiyo iliyowadanganya wauguzi. Mtoto ametulia, anakula, anacheka na kila mtu, wanasema amezoea. Mama akija anageuza uso.

Nakawa
Bango la tatu liwe la Mary Ainsworth, na msimweke kama msaidizi. Alikuwa mwanasaikolojia, hakuwa mchanganuzi nafsi, lakini ndiye aliyeipa nadharia ushahidi wa kuonekana kwa macho. Na kazi hiyo ilianzia hapa kwetu: mwaka 1954 hadi 1955, vijijini karibu na Kampala, akiwa na mkalimani, alizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28, takriban kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila safari. Watoto 16 aliwaona wana uambatano salama (wametulia mama akiwepo), 7 usio salama, na 5 bado hawajaonyesha uambatano. Kilichotofautisha si wingi wa walezi nyumbani. Mama aliyeweza kueleza habari za mwanawe kwa undani ndiye ambaye mtoto wake kwa kawaida alikuwa salama. Kitabu chake kuhusu utafiti huo kilitoka 1967.

Wageni wenu wengi wamelelewa na bibi na mashangazi, hivyo wekeni pia kwamba ripoti ya Bowlby kwa Shirika la Afya Duniani, 1951, ilisema mtoto anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama "au mlezi wa kudumu anayeshika nafasi yake". Wanaomnukuu huiacha nusu hiyo.

Afisa_Ustawi
Asanteni sana. Bango la nne tulifikiria kuigiza lile jaribio la Ainsworth la chumba kigeni, mbele ya wageni, na mtoto halisi. Inafaa?

Mzamivu
Hapana, ndugu yangu. Jaribio lile lina vipindi 8, karibu vyote vya dakika tatu tatu, kwa mtoto wa miezi 12 hadi 18. Mama hutoka mara mbili, na mara ya pili mtoto hubaki peke yake. Mbele ya umati mtoto atalia kwa sababu ya umati, nanyi hamtakuwa mmeonyesha chochote. Isitoshe, watazamaji watahesabu machozi, wakati kinachopimwa hasa ni mama anaporudi: mtoto anamfuata na kutulia, anamkwepa, au anang'ang'ania huku akimsukuma? Chora vipindi hivyo kwa mstari wa muda, na vipindi viwili vya kurudi kwa mama uvipe rangi tofauti.

Nafasi inayobaki elezeni upinzani alioupata Bowlby kwa wachanganuzi nafsi wenzake. Makala yake kuhusu majonzi ya watoto wachanga ilijibiwa mwaka 1960 na Anna Freud, Max Schur na René Spitz, wote wakimpinga. Hata hivyo hakukihama chama cha wachanganuzi nafsi, akaendelea hadi juzuu zake tatu: 1969, 1973 na 1980.